Wembe, msasa, mkasi au kikata kucha: kipi kimfae mtoto mchanga?

Ukitaka kuchagua kifaa cha kukata kucha za mtoto mchanga, usianze kwa kuuliza kipi kinakata haraka wala kipi kina bei nafuu. Uliza hivi: mtoto akishtuka katikati ya kazi, kifaa hiki kitafanya nini kwenye kidole chake? Maana kushtuka atashtuka tu. Upepo wa Dodoma ukibamiza mlango, bodaboda ikipiga honi nje ya dirisha, jirani akibisha hodi kwa nguvu, kichanga hurusha mikono yote miwili juu kisha huikunja kifuani. Amezaliwa na tabia hiyo, hawezi kuizuia, na huanza kumtoka akiwa na miezi kama 4 hadi 6. Ukimgusa kiganja, anakunja vidole na kushika kwa nguvu ambayo hukuitegemea kwa mtu wa kilo 3. Unafanya kazi ndogo mno, kwenye kidole kisichotulia. Kifaa kizuri ni kile ambacho mtikisiko huo hautakigeuza kuwa jeraha.

Kwa kipimo hicho kimoja nimevipitia vifaa vyote tunavyovitumia majumbani. Baadhi vimeanguka mapema. Viwili vimekaribiana sana, na hivyo nitavikalia muda mrefu zaidi.

Ukucha wa kichanga si kama wako

Kucha huanza kuumbika mtoto akiwa bado mdogo sana tumboni, na ikifika wiki ya 32 hivi ya ujauzito za mikono huwa zimefika kwenye ncha za vidole. Za miguu huchelewa kidogo. Ndiyo maana mtoto aliyetimiza miezi yake anazaliwa na kucha ndefu, na kabla hata mama hajatoka wodini anaona mistari myekundu kwenye mashavu ya mwanawe. Mtoto njiti anaweza kuzaliwa kucha zake hazijafika ncha, kwa hiyo kwake hakuna haraka.

Shida ni kwamba ukucha huo ni mwembamba na laini kiasi cha kujikunja ukiusukuma kwa kidole, na nyama ya ncha ya kidole imeshikamana nao karibu mpaka mwisho. Ukiutazama kwa juu unaona ukucha mrefu, tayari kukatwa. Geuza kidole ukitazame kwa mbele, kwenye mwanga: utaona ngozi imeufuata ukucha kwa chini hadi karibu na ukingo wake. Hapo ndipo watoto wengi wanapokatwa. Mzazi hakuwa mzembe. Alitazama upande mmoja tu. Kadiri wiki zinavyokwenda, ukucha unakakamaa na ngozi inarudi nyuma, nao mpaka kati ya viwili hivyo unaonekana vizuri.

Kwa sisi wa kanda ya kati kuna jambo la ziada. Kuanzia Juni hadi Septemba hewa yetu ni kavu, upepo hautulii na vumbi linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Ngozi ya mtoto inakauka, inawasha, naye anajikuna. Mtoto mwenye pumu ya ngozi ndiyo kabisa. Kucha ambazo mtoto wa mahali pengine angeweza kukaa nazo siku kadhaa bila tatizo, hapa zinaacha alama, na chini yake kuna vumbi. Kwa hiyo kusema tuziache tu mpaka akue si jibu.

Wembe

Naanza na wembe kwa sababu ndio ulio karibu kila nyumba, kuanzia Chang'ombe mpaka Kongwa, na ndio uliotukata wengi wetu tulipokuwa wadogo. Walioutumia walikuwa na mikono iliyozoea, na hilo siwanyang'anyi.

Mama mkwe wangu, aliyelea watoto wake Mpwapwa, nilipomwomba tuuache wembe alinijibu, "Mwanangu, mumeo nimemkata kwa wembe mpaka ameanza shule. Vidole vyake vyote si unaviona?"

"Naviona mama, na mkono wako nauamini. Lakini huyu wiki ijayo atakatwa na dada wa kazi, wiki inayofuata nitamkata mimi. Sisi hatuna mkono wako."

Alinyamaza kidogo, akampangusa mtoto mate, kisha akasema, "Haya, huo mkasi wenu nionyesheni."

Hoja yangu dhidi ya wembe ni mbili. Ya kwanza inatokana na kipimo chetu: wembe hauna kizuizi. Makali yake yako wazi pande mbili, nao huendelea mbele kwa nguvu ileile uliyokuwa ukiisukuma. Mtoto akivuta mkono, wembe hausimami kwenye ukucha. Unapita moja kwa moja hadi kwenye nyama. Kati ya vifaa vyote nilivyoviweka hapa, ndio pekee ambao kosa la nusu sekunde linaleta jeraha refu.

Ya pili ni damu ya watu wengine. Wembe wa nyumbani huzunguka: leo umenyoa nywele, kesho umekata uzi, keshokutwa uko kwenye kidole cha mtoto. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwenye tone la damu lililokauka ambalo hata hulioni. Mtoto hupata kinga ya ugonjwa huo ndani ya ile chanjo ya pentavalenti inayotolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa hiyo katika wiki zile za kwanza, ambazo ndizo kucha zinamsumbua zaidi, dozi hizo bado ziko mbele yake. Ongeza na pepopunda, ambayo vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na kwenye samadi. Katika boma lenye ng'ombe na mbuzi, wembe uliolala dirishani si kitu safi hata kama unang'aa.

Kama uko kijijini na kweli huna kingine ila wembe, ushauri wangu ni kungoja. Kucha si dharura. Mfunike mikono kwa siku hizo chache, na mtu anayekwenda mnadani Msalato au mjini akuletee kifaa sahihi.

Meno na vidole vya mama

Mama wengi huzing'ata kucha za mtoto kwa meno, na naelewa kwa nini: mdomo unahisi, mkono wenye chuma hauhisi. Mtoto akishtuka, unaachia tu. Kwa kipimo cha mtikisiko, meno yanafaulu vizuri.

Yanaanguka kwingine. Mdomo wa mtu mzima, hata aliyepiga mswaki sasa hivi, umejaa bakteria ambao hawaudhuru kwa sababu wako mahali pao. Wakiingia kwenye mchubuko mdogo pembeni ya ukucha wa kichanga, ndio mwanzo wa kidole kuvimba na kutunga usaha, ule tunaouita mdudu wa kidole. Na mwenye vile vidonda vya homa vinavyotoka pembeni mwa midomo asithubutu kabisa. Kirusi kinachovileta, ambacho kwa mtu mzima ni kero ya wiki moja, kwa mtoto wa siku chache kinaweza kuwa ugonjwa wa kutishia maisha. Isitoshe, ukiwa na kidole mdomoni hukioni. Unakata kwa kubahatisha.

Kuchana kwa vidole ndiyo njia nisiyoipenda hata kidogo. Ukucha laini ukiuvuta hauchaniki pale unapotaka. Unachanika kuelekea kwenye kona, chini ya ngozi, na unaacha kipande chenye ncha ambacho baadaye kinachoma nyama.

Msasa wa kucha

Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwezi, huu ndio ninaoupa kura yangu bila kusita. Mtoto akishtuka, msasa unateleza hewani. Hauna makali ya kuingia popote. Anaweza kuushika dada mwenye miaka 15, anaweza kuushika baba ambaye hajawahi kumvisha mtoto nepi, na babu asiyeona karibu anaweza kusaidia kumtuliza mtoto huku mwingine akifanya kazi bila mtu yeyote kutokwa na jasho.

Unaotakiwa ni ule laini wa karatasi ngumu wanaouuza maduka ya vipodozi, upande wake usiokwaruza sana. Ule mkubwa wa saluni wa kusugulia kucha za bandia ni mkali mno kwa mtoto. Na ile tupa ndogo ya chuma inayokunjwa ndani ya kikata kucha cha watu wazima pia isahau, meno yake yametengenezwa kwa ukucha mgumu.

Namna ya kufanya: shika kidole kimoja katikati ya kidole gumba chako na cha shahada, sukuma nyama ya ncha kidogo kuelekea chini, kisha pitisha msasa kutoka kona moja kuelekea katikati, unyanyue, urudi kona ya pili kuelekea katikati. Usisugue mbele na nyuma kama anayenoa kisu. Mipito michache inatosha kuondoa ile ncha inayokwaruza. Ukiona ngozi ya pembeni imeanza kuwa nyekundu, umezidisha. Hamia kidole kingine. Mwisho futa mikono yake kwa kitambaa chenye unyevunyevu, maana unga wa kucha unakwenda moja kwa moja machoni akijifikicha.

Ubaya wake ni muda. Vidole 10 kwa msasa ni kazi ndefu, na mtoto anaweza kuamka ukiwa umemaliza mkono mmoja. Basi ishia hapo. Hakuna sheria inayosema mikono yote imalizike siku moja. Ubaya wa pili: msasa wa karatasi hauwezi kuchemshwa wala kuoshwa vizuri, kwa hiyo uwe wa mtoto peke yake na utupwe ukichakaa. Wa tatu utauona mwenyewe baadaye, mtoto akiwa na miezi 3 au 4 na kucha zimekakamaa: msasa peke yake unakuwa mzigo.

Mkasi na kikata kucha

Hapa ndipo penye ushindani wa kweli, na ndipo maduka yanapowachanganya wazazi, kwa sababu vifaa vyote viwili huuzwa kwenye pakiti moja yenye picha ya mtoto anayecheka, kana kwamba ni sawasawa.

Tukianza na kikata kucha, kwanza tuondoe kile cha watu wazima. Mdomo wake ni mpana kuliko kidole chenyewe cha mtoto. Ukikiweka, kinafunika kila kitu, huoni ukucha wala nyama, halafu unabonyeza ukiwa na matumaini. Cha watoto kina mdomo mwembamba. Vingine vina tundu kwa juu la kuchungulia, vingine vina lenzi ya kukuza iliyofungwa juu. Lenzi hiyo inasifiwa sana dukani, lakini mimi naiona haina faida kubwa: inakulazimisha uweke jicho mahali pamoja tu, na mwanga wa jua ukiipiga inameta. Tundu linasaidia zaidi.

Nguvu ya kikata kucha ni kwamba hakichomi. Mtoto akivuta mkono kabla hujabonyeza, hakuna lililotokea. Hatari yake iko kwenye ule mbonyezo wenyewe. Ukishabonyeza, chochote kilicho katikati ya midomo miwili kimekatwa, kiwe ukucha au nyama, na hakuna kurudi nyuma. Tena kwa ukucha laini wa wiki za mwanzo, kikata kucha mara nyingi hakikati. Kinaukunja na kuuponda, kinaacha ukingo wenye nyuzinyuzi, na mzazi anarudia mara ya pili akiwa karibu zaidi na nyama.

Mkasi wa mtoto ni mfupi, una makali membamba, na ncha zake zimeviringishwa ili zisichome. Zingatia hizo ncha. Mkasi mdogo wa nyusi, ule wenye ncha kali ulio kwenye pochi za akina dada, haufanani nao hata kidogo na hautakiwi karibu na kichanga. Uzuri wa mkasi sahihi ni kuona. Unaona ukingo wote wa ukucha kuanzia kona hadi kona, unaingiza kipande kidogo cha makali, unafunga polepole, na ukihisi nyama inagusa unaweza kufungua kabla hujamaliza. Kikata kucha hakikupi nafasi hiyo. Kwa ukucha laini mkasi hukata bila kuponda.

Lakini unadai mkono uliotulia kidogo zaidi, na matundu yake ya vidole ni madogo. Mtu mwenye vidole vinene anajikuta ameubana kwa ncha za vidole, hauongozi vizuri, unayumba. Anayetumia mkono wa kushoto naye hupata tabu kwa sababu mikasi mingi imeundwa kwa mkono wa kulia, na ukiugeuza midomo inaachana badala ya kubana. Mtoto akishtuka mkasi ukiwa wazi, makali yanaweza kumgusa kwa pembeni. Ndiyo maana uufungue kidogo tu, kiasi cha kuingiza ukucha, usiuachie mdomo wazi wote.

Uamuzi wangu uko hivi. Mtoto akiwa kati ya mwezi 1 na kama miezi 3 au 4, kucha bado laini, mkasi wenye ncha butu unamshinda kikata kucha. Kucha zikishakakamaa na mpaka wa nyama ukaonekana wazi, kikata kucha cha watoto kinachukua nafasi: kinakata safi, ni cha haraka, na mtoto wa umri huo anayekupokonya vitu mkononi ni salama zaidi akikamata kikata kucha kilichofungwa kuliko akikamata mkasi. Kwa baba mwenye mikono mikubwa au mtu wa mkono wa kushoto, ningeruka mkasi kabisa: aendelee na msasa muda mrefu kidogo, kisha ahamie kwenye kikata kucha.

Kwa vyote viwili kanuni ya kukata haibadiliki. Bonyeza nyama ya ncha ya kidole kuelekea chini ili ijitenge na ukucha. Kata vipande vidogo vidogo kufuata mviringo wa kidole. Acha mstari mwembamba mweupe, usiufuate mpaka uishe. Pitisha kidole chako kwenye ukingo. Pakikwaruza, maliza kwa msasa.

Mashine ya betri

Ni msasa wa duara unaojizungusha wenyewe. Nyingi huja na viduara vya ukali tofauti kulingana na umri, na zilizo nzuri husimama zenyewe ukizikandamiza kupita kiasi. Kwa mtikisiko ni salama karibu sawa na msasa wa mkono, na ni ya haraka zaidi. Kama umeletewa zawadi, itumie kwa raha. Kama una mapacha, inaweza kukuokolea muda mwingi. Ila usiinunue kabla hujauliza viduara vya akiba unavipata wapi, maana vikishalika umebaki na injini tu. Na mtoto anayeogopa mlio hataizoea.

Soksi za mikono

Wapo wanaochagua kutokata kabisa na kumvalisha mtoto soksi za mikono usiku na mchana. Zinazuia mikwaruzo, hilo kweli. Kucha hata hivyo zinaendelea kuota mle ndani, na jasho la Oktoba na Novemba la Dodoma linabaki humo pamoja nazo. Mtoto pia anaihitaji mikono yake. Anaipeleka mdomoni kukuambia ana njaa, na anajifunza dunia kwa kugusa.

Kuna hatari moja ambayo wazazi wengi hawaijui, nami naomba kila anayezitumia aikague leo. Zigeuze ndani nje. Ukiona uzi uliolegea, ukate. Uzi huo, au hata unywele wa mama ulionasa humo, unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukibana mpaka damu isipite. Mtoto analia bila sababu inayoonekana kwa sababu kidole kimefichwa, na kikiachwa kinaweza kuharibika. Kwa hiyo kila ukizivua, angalia vidole kimoja kimoja. Kwa saa chache za usiku wa baridi ya Julai, au kwa siku mbili tatu za kusubiri kifaa, soksi zinafaa. Kuzifanya badala ya kukata, hapana.

Mwanga, saa, na nani amshike

Kifaa kizuri kwenye mwanga mbaya ni kifaa kibaya. Wazee wetu wengi hawataki kucha zikatwe usiku, nami kwa mtoto mchanga nawaunga mkono kabisa, maana taa ya dari inamulika kwa juu na kivuli cha mkono wako kinaanguka palepale unapotaka kuona. Mahali pazuri ni mlangoni au barazani, saa mbili au saa tatu asubuhi, jua likija kwa ubavu kabla upepo haujachachamaa.

Kuhusu hali ya mtoto, kuna njia tatu na kila moja ina mtu wake. Aliye peke yake nyumbani angoje mtoto alale usingizi mzito, kama dakika 15 hivi baada ya kusinzia. Nyanyua mkono wake uuachie. Ukianguka wenyewe bila kujikaza, anza. Wakiwa wawili, mama anyonyeshe na mwingine akate, kwa sababu mtoto akiwa kwenye ziwa hutulia na vidole hufunguka. Mama asijaribu kunyonyesha na kukata kwa wakati mmoja; mkono mmoja unamshika mtoto, hana wa kusukuma nyama chini. Na mtoto wa miezi 6 na kuendelea, aliye macho na anayetaka kuona kila kitu, apakatwe akiwa amekupa mgongo, mikono yake ielekee mbele sawasawa na yako. Hapo unakata kwa mwelekeo uleule unaojikata mwenyewe.

Baada ya kuoga je? Inategemea kifaa. Kwa kikata kucha na kucha zilizokakamaa, maji ya uvuguvugu yanasaidia. Kwa msasa ni afadhali ukucha uwe mkavu, ukiwa na maji unajikunja chini ya msasa badala ya kupungua.

Kucha za mikono huhitaji kupunguzwa mara 1 au 2 kwa wiki katika miezi ya mwanzo. Za miguu huota taratibu zaidi, mara 1 au 2 kwa mwezi inatosha, nazo zikatwe kwa mstari ulionyooka bila kuzungusha kona. Ukucha wa mguuni unaoonekana kama umezama kwenye nyama au umebonyea katikati ni kawaida kwa mtoto mdogo. Kama hakuna wekundu wala uvimbe, usiuchokonoe.

Damu ikitoka

Hutokea hata kwa muuguzi. Chukua kitambaa safi au pamba shashi, bana ncha ya kidole kwa upole bila kuachia, dakika kadhaa. Usifungue kila mara kuchungulia. Damu ya kidole cha mtoto huonekana nyingi kuliko ilivyo, na kwa kawaida husimama. Usimfunge plasta: ataipeleka mdomoni na inaweza kumkaba. Usiweke majivu, udongo, dawa ya meno wala samli. Ikigoma kusimama baada ya dakika 10 za kubana mfululizo, mpeleke kituoni.

Siku zinazofuata kitazame kidole hicho. Kikiwa chekundu, kimevimba, kina joto au kinatoa usaha, mpeleke zahanati ya mtaa wako au kituo cha afya, iwe Makole au popote palipo karibu, usingoje siku ya kliniki. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, au anayekataa kunyonya, aende siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Ukienda kununua

Majengo, Sabasaba na kwenye vibanda vya Machinga kule Bahi Road vifaa hivi utavikuta, na maduka ya vitu vya watoto mjini yana pakiti kamili. Pakiti kamili si lazima. Kwa mtoto anayetarajiwa, weka msasa laini kwenye begi la kujifungulia. Huo utakuvusha mwezi wa kwanza. Ongeza mkasi wenye ncha butu au kikata kucha cha watoto baadaye, kulingana na mkono wa atakayekitumia, wala huhitaji vyote.

Mkasi ujaribu palepale. Omba kipande cha karatasi ya chooni, ukikate. Ukiikata safi hadi kwenye ncha, chukua. Ukiikunja katikati ya makali, utamkunja na mtoto ukucha. Ncha ziguse kwa upande wa ndani wa mkono wako, zisichome. Kikata kucha kibonyeze taratibu ukikitazama kwenye mwanga: midomo ikutane yote kwa pamoja, isiwe upande mmoja umewahi na mwingine una mwanya.

Nyumbani kioshe kwa sabuni na maji ya moto, kipanguse kwa spiriti, kikauke kabisa, kisha kikae kwenye kifuko chake pamoja na kadi ya kliniki. Kwenye nyumba yenye watu wengi, mkasi mdogo mkali ukiachwa mezani jioni unakuwa umeshakata uzi wa sare ya shule na mfuko wa maziwa, na makali yaliyokwishakata plastiki hayakati tena ukucha laini, yanauponda.